Kumtafutia Njugu mahali pa kukimbia

"Hiyo umbwa inauma?"

Naulizwa hivi kila siku. Huuliza watoto wa ghorofa ya pili wakiwa wamejibana ukutani ili tupite kwenye ngazi. Huuliza mama wa mboga huku akivuta nyuma beseni lake la sukuma wiki. Aliuliza soja wetu mpya usiku wake wa kwanza kazini, na siku moja aliuliza kondakta wa matatu iliyokwama kwenye foleni, ananing'inia mlangoni, na abiria wote wa upande ule wakageuka kusubiri jibu. Najibu kwamba haumi. Lakini najua neno langu peke yake halitoshi katika mji ambao mtoto huona maandishi ya MBWA KALI kwenye mageti kabla hajajua kusoma.

Siwalaumu. Nairobi mbwa ni mfanyakazi. Mchana anafungiwa kibandani, usiku anafunguliwa azunguke uani, na wageni anaowajua maishani mwake ni wale wanaoruka ukuta. Mbwa aliyelelewa hivyo atajuaje kwamba mtoto anayekimbia anacheza tu? Na sisi tuliokulia mitaani tulifundishwa kuogopa kwa sababu ya kweli. Tuliambiwa ukiumwa na mbwa mwenye kichaa utadungwa sindano kumi na nne za tumboni, karibu na kitovu. Wazazi wetu hawakuwa wanatia chumvi. Chanjo za zamani zilidungwa hivyo hivyo, siku baada ya siku. Siku hizi sindano ni chache na hudungwa begani, lakini hofu ile imebaki, na ugonjwa wenyewe bado upo. Kenya imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa.

Njugu nilimtoa kwa shangazi yangu Kamulu. Mbwa wake jike alizaa chini ya trela bovu, watoto sita, na huyu mmoja, rangi ya njugu karanga, sikio moja limesimama na lingine limelala, alinifuata hadi kwenye gari. Ni mbwa wa kienyeji. Sasa ana miaka mitatu na kilo 18. Tunaishi South B, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na mwenye nyumba alikubali kwa masharti mawili: aone kadi ya chanjo kila mwaka, na asisikie kelele.

Sharti la pili ndilo lililonisumbua. Nilikuwa nikimtembeza kwa kamba saa nzima kuzunguka mtaa, tunarudi, naye anaanza upya kulia mlangoni na kutafuna mguu wa kochi. Kisha Jumamosi moja tulienda kwa shangazi. Akakimbia na ndugu zake dakika ishirini tu kwenye ploti isiyo na ua, na tuliporudi mjini alilala hadi asubuhi, hata chakula hakukigusa. Nikaelewa kwamba saa ile nzima ya mtaani ilikuwa mwendo wangu mimi. Wake alikuwa bado hajautoa.

Ndipo nikaanza kutafuta mahali.

Watu wa miji ya pwani wana ufuo. Sisi tuna mji uliochipuka kandokando ya reli iliyofika hapa mwaka 1899, na bahari iko karibu kilomita 480 kutoka mlangoni pangu, na mita zipatazo 1,700 chini yake. Nyasi tunaziona. Ukiwa Barabara ya Mombasa, upande ule wa ua kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 zilizotengwa tangu mwaka 1946, na mbwa haruhusiwi kukanyaga humo, wala mimi singependa akanyage. Simba na mbwa wa nyumbani hawana la kuongea.

Msitu wa Karura unaruhusu mbwa, kwa kamba. Tulienda sana, na mwanzoni sharti la kamba liliniuma. Najua historia ya msitu ule. Najua kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni kwa sababu walitaka kupanda miti mahali ambapo wengine walitaka kujenga nyumba. Nilikuwa nikijiambia, msitu uliookolewa na raia, mbona raia na mbwa wake wasikimbie humo? Halafu asubuhi moja yenye ukungu, paa akatoka kichakani hatua tano mbele yetu. Paa wa Karura ni mnyama mdogo ajabu, uzito wake haufiki hata theluthi ya wa Njugu, na miguu yake ni kama vijiti vya mshikaki. Njugu alichomoka. Kamba ilinikata kiganja na bega likaniuma wiki nzima, lakini kamba ilishika. Paa alisimama, akatutazama kwa jicho jeusi lililojaa maji, akapotea. Tangu siku ile sijawahi kulalamika kuhusu kamba ya Karura, na nikiona mtu amemwachia mbwa wake mle ndani, namwendea na kumweleza habari ya paa wangu.

Kosa langu kubwa lilitokea uwanjani, karibu na nyumbani. Sitautaja uwanja wenyewe. Ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi, niliangaza huku na huku nikaona hakuna mtu, nikamfungulia. Alikimbia duara tatu kubwa, masikio nyuma, na nilifurahi hadi nikasahau kutazama. Baba mmoja aliingia na binti yake wa miaka kama sita, amevaa gauni la kanisani. Njugu aliwaona kabla yangu. Alitaka kucheza, alikuwa ameinamisha kifua na mkia unazunguka. Mtoto hakuona mkia. Aliona mbwa anakuja mbio, akapiga yowe, akageuka kukimbia, akaanguka kwenye murram. Gauni lilichanika na goti likatoka damu. Njugu hakumgusa. Nilimwita mara tano asije, mara ya sita akaja.

Yule baba hakupaza sauti. Alinyanyua mtoto, akanitazama, akaniambia, "Dadangu, wewe unaijua hiyo mbwa. Sisi hatuijui."

Nilimpa namba yangu ya simu, nikamwonyesha picha ya kadi ya chanjo, nikaomba msamaha mpaka nikaishiwa maneno. Nilirudi nyumbani nikakaa sakafuni. Maneno yake nimeyabeba tangu siku hiyo, kwa sababu aliyasema kwa upole na kwa sababu ni ya kweli. Nilikuwa nimetafuta mahali pasipo na watu, kana kwamba watu ndio tatizo.

Kwa miezi minne baada ya hapo Njugu hakufunguliwa popote. Nilinunua kamba ya mita 10 na filimbi, na kila jioni tulikwenda kwenye kibaraza cha nyuma kujifunza neno moja, "njoo". Malipo yalikuwa omena. Nimejaribu biskuti za dukani, nimejaribu ini, lakini omena wakavu wa sokoni ndio wanaomfanya mbwa huyu aache chochote. Siri yake, kama ipo, ni kwamba simwiti ili kumfunga. Namwita, anakuja, anapata omena, namwachia tena. Mara tisa kati ya kumi anaachiwa. Mbwa akijua kwamba "njoo" maana yake ni mwisho wa raha, atajifanya kiziwi, na atakuwa na haki.

Mwezi wa Februari kaka yangu alipata wiki ya likizo, akasema twende Pwani, na mbwa aje.

Tulitoka saa kumi alfajiri. Anayesafiri na mbwa kwenye barabara ile ajue hivi: Mtito Andei ndipo katikati ya safari, na ndipo pa kumpa maji na kumkojoza, lakini kamba isitoke mkononi hata dakika moja. Kuna malori, na kuna nyani waliozoea mikate ya wasafiri, na nyani dume ana meno marefu kuliko ya mbwa. Kuanzia hapo mpaka Voi barabara inapita kati ya Tsavo Magharibi na Tsavo Mashariki. Njugu alisimama dirishani mwendo wote, pua imejaa habari. Tembo wekundu wa udongo ule walikuwa mbali, yeye aliwajua kabla sisi hatujawaona. Kufika Mombasa tulipita barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu, hatukugusa feri ya Likoni, na saa saba mchana tulikuwa Tiwi kwenye nyumba ambayo nilikuwa nimeipigia simu mara mbili kuuliza kama kweli wanapokea mbwa. Uliza mara mbili. Anayejibu simu na anayefungua geti si mtu mmoja.

Siwezi kueleza vizuri uso wa Njugu alipoiona bahari. Alisimama. Wimbi lilipokuja alirudi nyuma, lilipoondoka alilifuata, likaja akaling'ata, akakohoa. Kisha akaanza kunywa. Hapo nilichelewa: mbwa aliyekimbia juani hunywa maji ya chumvi bila kufikiri, na ile chumvi humrudi kwa kutapika na kuhara. Usiku ule hatukulala. Tangu kesho yake nilibeba chupa ya lita mbili ya maji matamu na bakuli, nikampa kila baada ya robo saa, atake asitake, na hakugusa tena maji ya bahari. Nilijifunza pia kuweka kiganja juu ya mchanga mkavu kabla ya kumkanyagisha. Kama mkono wangu hauwezi kukaa pale, nyayo zake nazo haziwezi, na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa la kichwa, mchanga wa saa tano asubuhi haukaliki.

Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja mvuvi.

Nilikutana naye siku ya kwanza, jioni, chini ya mkungu. Alikuwa amekaa juu ya kipande cha turubai anashona wavu, na kando yake, juu ya tawi, umetundikwa mkeka mdogo. Njugu alikuwa kwenye kamba, lakini kamba ndefu, na alijikung'uta maji karibu yake.

"Shikamoo mzee," nikasema, huku namvuta.

"Marahaba, mwanangu. Watoka bara?"

"Nairobi."

Alimtazama Njugu muda mrefu. "Mbwa wako ana adabu," akasema. "Lakini umweke kando na nyavu. Twazishika kwa mikono, na mikono hii ndiyo twaswalia."

Nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo. Nilijua juu juu kwamba Waislamu hawapendi mbwa, na sasa naona hata hilo nililijua vibaya. Mzee alinieleza bila haraka. Mbwa si adui, na kumtesa ni dhambi. Kumpa maji akiwa na kiu kuna thawabu. Shida ni mate yake na majimaji yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa Pwani, chombo au nguo iliyoguswa na mate ya mbwa ni najisi, na huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa mchanga au udongo. Kwa hiyo mbwa wangu akimlamba mtu aliyevaa kanzu anayeelekea msikitini, nimempa kazi kubwa na pengine nimemkosesha swala ya wakati ule. Hata kama mkia unatingishika.

Nikamuuliza, basi nimpeleke wapi?

"Pa kumpeleka ni hapa hapa," akasema. "Uliza saa."

Akanichorea mchangani kwa kijiti. Bahari ya Pwani hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti yake inaweza kukaribia mita nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, yanaanza kutoka, na ikifika saa nne asubuhi yamekwenda mbali kabisa, mpaka unaona mwamba. Tulikuwa tumefika mwezi ukiandama. "Basi kesho njoo baada ya alfajiri," akasema, "sisi tushakwenda na maji. Ufuo huu hauna mtu mpaka jua likae juu ya mwamba. Jua likipanda, mashua zarudi, akina mama waja kununua samaki, watoto waja. Hapo mfunge."

Kesho yake saa kumi na mbili na robo tulikuwa pale. Mchanga ulikuwa umetoka majini, mgumu, umelowa, hauna hata nyayo moja. Niliangalia pande zote mbili. Nilimwita Njugu mara tatu akiwa kwenye kamba, alikuja mara tatu. Nikafungua kulabu.

Alikwenda moja kwa moja hadi akawa kitone. Nilihisi moyo wangu umetoka kifuani umekwenda naye. Kisha nikapuliza filimbi, na kile kitone kikageuka, kikakua, kikawa na sikio moja limesimama na lingine limelala, kikaja na kunipita kwa kasi, kikarudi, kikakaa mbele yangu kusubiri omena. Nililia kidogo, nasema kweli. Miezi minne ya kibarazani.

Siku ya nne sikufanya hesabu. Nilifika saa ile ile nikakuta maji yamejaa hadi ukutani, hakuna ufuo. Dakika 50 mara tatu: mzee aliniambia, nami nikadhani nimeelewa. Tulikaa kwenye ngazi za mawe tukisubiri, na ilikuwa asubuhi nzuri pia.

Alinifundisha vingine. Bunju, kwa mfano. Huyu samaki anayejipuliza kama mpira hutupwa ufuoni na mawimbi, au wavuvi humtoa wavuni na kumwacha mchangani, na sumu yake huua mtu sembuse mbwa wa kilo 18. Haliki hata akiwa amekauka. Hakuna dawa ya kuivunja sumu ile. Kwa hiyo neno la pili nililomfundisha Njugu, baada ya "njoo", ni "acha", na tulilifundisha pale pale Tiwi, kwa vichwa vya samaki wengine, siku tatu. Konyeza, wale viumbe wa baharini laini kama jeli, nao wasiguswe, hata wakiwa wamekufa mchangani bado wanawasha.

Na kuna kasa. Wanatoka baharini usiku kutaga kwenye mchanga mkavu wa juu, karibu na mimea, mayai mia na zaidi kwenye shimo moja, na huchukua kama miezi miwili kuanguliwa. Mbwa mmoja mwenye pua nzuri anaweza kumaliza shimo zima kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo Njugu hukimbia kwenye mchanga uliolowa tu, ule ambao bahari imetoka kuufunika, na hatembei ufuoni usiku. Kwa sababu hiyo pia sikumpeleka Watamu, ingawa marafiki walinisisitiza. Bahari ya Watamu ni hifadhi tangu mwaka 1968 na kuna watu wanaokesha kulinda mashimo yale. Niliona si vizuri kuwaongezea kazi.

Diani tulikwenda siku mbili. Mchanga wake ni mweupe kuliko wa Tiwi na ni mwembamba kama unga, lakini sikumfungulia ila kipande kimoja tu, mapema sana. Kuna ngamia wa kubeba watalii, na ngamia anapopiga teke hachagui. Kuna mbega weusi wenye mabega meupe ambao hushuka kutoka miti ya hotelini. Watu wa uhifadhi wamewawekea ngazi za kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari, na mbwa aliyefunguliwa anaweza kuiharibu kazi hiyo yote. Upande wa kaskazini, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, upo Msikiti wa Kongo chini ya mibuyu, wa mawe ya matumbawe, wa karne nyingi, na bado watu wanaswali humo. Watu hupeleka mbwa pale kwa sababu mchanga wa mdomo wa mto ni mpana na maji ni matulivu. Mimi nilimpitisha kwa kamba fupi, mbali, upande wa majini.

Nyali, Bamburi na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta tuliupitia tu kwa gari wakati wa kurudi. Wikendi pale pamejaa familia, maboya ya kukodi, viazi karai, watoto wanaojifunza kuogelea. Hapo ni kwao.

Asubuhi ya mwisho nilimtafuta mzee nimuage. Nilikuwa nimemwacha Njugu chumbani. Alinipa changu wawili waliofungwa kwa ukindu, akakataa pesa, akauliza, "Yule mwenzio yuko wapi?" Nikamwambia nimemwacha ili asiguse nyavu. Akacheka. "Mwanangu, kando nilisema. Sikusema nyumbani."

Niliporudi South B nilikuwa na wazo moja tu, na lilikuwa lake. Uliza saa. Miaka yote ile nilikuwa natafuta mahali kwenye ramani, na mahali palikuwa mita mia tatu kutoka nyumbani: uwanja wa kanisa moja la mtaani, wenye ua wa matofali, geti linalofungika, nyasi za kutosha, na ambao kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, siku za kazi, haukanyagwi na mtu. Nilikuwa nimeupita mara elfu. Sikuwahi kuuliza kwa sababu nilijua watakataa.

Nilikwenda bila mbwa. Nilimkuta mzee wa kanisa anayeshughulikia majengo, nikamwamkia, nikakaa nilipoonyeshwa, nikaeleza. Nilibeba nakala ya kadi ya chanjo. Nilimwambia habari ya mtoto aliyeanguka kwenye uwanja mwingine, kwa sababu niliona ni heri aisikie kwangu. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza maswali mawili: nani atasafisha, na itakuwaje mtu akiingia. Nikasema mimi nitasafisha, na mtu yeyote akiingia, hata kama ni mwumini amesahau Biblia yake, mbwa anafungwa hapo hapo. Akasema atawauliza wenzake. Ilichukua wiki tatu. Walikubali Jumanne na Alhamisi, kwa kujaribu.

Tumekuwa tukienda tangu mwezi wa Aprili. Mwezi wa Juni nilimwona kijana mmoja wa mtaa wetu anamburuta mbwa wake mweusi kwenye lami, wote wawili wamechoka, nikamwambia kuhusu Jumanne. Sasa tuko wanne. Wawili kati ya mbwa hao walitoka KSPCA, shirika la kutunza wanyama, mmoja alikuwa wa barabarani, na hakuna anayeingia bila kadi ya chanjo kuonekana. Siku ya kwanza tulikubaliana pia jambo hili: mbwa yeyote akimng'ata mtu, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, mwenye mbwa analipa, hata kama kadi ni ya jana. Namba za mzee wa kanisa tunazo wote, na yeye ana zetu. Kila mwisho wa mwezi tunakata nyasi za ukingoni, kwa sababu kupe hukaa huko na homa ya kupe imewahi kumlaza Njugu siku sita.

Mzee wa kanisa huja mara moja moja, anasimama nje ya geti na kikombe chake cha chai. Hajaingia bado. Mimi nami sijamwambia aingie.

Soja wa uwanja ule ndiye aliyetufungulia asubuhi ya kwanza, amejificha nusu nyuma ya bawa la geti, na swali lake lilikuwa lile lile ninaloulizwa kila siku. Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi: kwamba mimi namjua, yeye bado hamjui, kwa hiyo akae nje mpaka atakapotaka mwenyewe. Alikaa nje wiki nyingi. Alianza na kutupa omena kupitia kwenye mwanya. Jumanne iliyopita tulichelewa, mvua ilikuwa imenyesha, na tulipofika alikuwa tayari amefungua. Aliinama, akapapasa manyoya ya shingo kutafuta kulabu, akaifungua yeye, akasimama kushika kiuno akimtazama Njugu anavyokata kona kwenye nyasi zilizolowa.

"Leo imekawia," akaniambia. "Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama ni mgonjwa."